Nimeinua pikapu, sasa eedo anataka mgongo wangu

Admin, nifiche jina, na hata rangi ya gari usiitaje, maana Garissa nzima itanijua kabla haijamaliza kusoma.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu. Shule niliachia darasa la saba, mimi na hesabu tulikosana. Lakini nipe usukani uone. Baba alipofariki alituachia pikapu, na kila alfajiri nawabeba hooyo, yaani mamangu, na wenzake kumi kutoka bula yetu, kijiji chetu huko porini, hadi soko la maziwa mjini. Maziwa ya ngamia hayana subira. Jua likiyakuta njiani yanachacha, na mteja anakupita kama hakujui.

Mvua iliyopita tulikwama kwenye tope hadi nikachoka kuchimba. Hooyo akaniambia niweke matairi mapya. Yeye alitaka matairi tu. Mimi nikawashusha sokoni alfajiri, nikamwendea fundi, akanifungia vyuma vya kuinulia, springi ndefu na matairi mapana yenye meno kama ya mamba. Wallahi, pikapu ikasimama! Hata dereva wa lori alinipisha. Nikapita mjini polepole makusudi, vijana wa kibanda cha chai wakaacha vikombe: "Warya, Simba wa Garissa huyo!" Simu zote juu, wananipiga picha. Nani kama mimi siku hiyo?

Adhuhuri nikaenda kuwachukua akina mama sokoni, mbele ya kibanda hichohicho. Wakaitazama gari, wakatazamana. Ukingo wa nyuma ulikuwa unawafika kifuani. Wa kwanza kujaribu alikuwa eedo, dada yake marehemu baba, mama mzito na mwenye heshima zake. Akakanyaga tairi, akateleza, hijabu ikanasa kwenye ndoano, akabaki ananing'inia, miguu hewani, jerikeni zinabingirika barabarani. Kibanda kizima kikaangua kicheko.

Na mimi nikacheka. Tena nikapiga kelele, "Eedo, ongeza gia!"

Akashuka mwenyewe. Akajifunga hijabu vizuri, hakunitukana, akaondoka kwa miguu. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Hooyo alikuwa wa mwisho, na alivyoniangalia, heri angenipiga.

Tangu siku hiyo wanapanda kagari kazee ka jirani, kanakochemka kila baada ya kilima. Mara tatu sasa hooyo amefika sokoni maziwa yamechacha. Jana alirudi na jerikeni mbili zimejaa, akazimwaga uani. Ndiyo kazi inayotulisha hiyo. Na pikapu yangu ya kifalme imeegeshwa, mbuzi wanalala chini yake.

Mtasema niishushe. Springi za zamani nilimwachia fundi, akazifunga kwenye gari la mtu wa Takaba. Nimeulizia, harudishi, na za kununua nyingine sina pesa. Nikachomelea ngazi nzuri kabisa ya chuma, nikaipaka na rangi, nikamtuma hooyo kwa eedo aniombee msamaha. Amerudi na jibu.

"Amekubali," hooyo akasema.

"Alhamdulillahi!"

"Ngoja kwanza. Jumamosi, palepale kwenye kibanda cha chai. Utainama, akukanyage mgongoni, apande. Akishapanda yeye, sisi wengine tutatumia ngazi yako."

"Hooyo, si ngazi ipo? Mgongo wa nini?"

"Ngazi haikumcheka."

Nikamuuliza, nikikataa je? Akasema wenzake hawapandi bila eedo, na yeye hawezi kuwaacha wenzake akapanda na mwanawe peke yake. Basi.

Jumamosi ni kesho. Habari imeshavuja. Vijana wa chai wamenitumia ujumbe: "Simba, tuje na kiti cha mbele?" Nikiinama, hiyo video itafika Wajir kabla sijanyooka, na jina langu nimelizika mwenyewe. Nikikataa, hooyo ataendelea kumwaga maziwa hadi ngamia tuwauze. Nimejaribu kujiambia mimi ni mwanamume, siwezi kukanyagwa sokoni. Halafu naikumbuka ile miguu ya eedo hewani, na sauti iliyozidi zote kwa kucheka ilikuwa yangu.

Ndugu zangu, matusi nimeshajitukana, msijisumbue. Mnaojua aibu, niambieni leo hii: niiname, au kuna njia nyingine ambayo sijaiona? Na kama ni kuinama, mtu anamwambia nini eedo yake akiwa amesimama juu ya mgongo wake?