Watano Toa Wawili

Majina ya wote ninayo mpaka leo: la mwalimu, ya wenzangu, hata ya ng'ombe wa tata, baba yangu. Sitayataja, maana wenye majina wana wajukuu huku huku Karagwe na sijawaomba ruhusa.

Ulikuwa wakati wa Mjerumani, kabla ya vita. Mkama, mtawala wetu, alitoa amri kila kaya ipeleke mtoto mmoja kusoma. Kaka zangu wawili walikuwa wamekufa kwa ndui mwaka uliotangulia, dada yangu alikuwa ameshaposwa, na mdogo wetu wa kiume alikuwa bado anabebwa mgongoni. Tata akasema, "Mpelekeni huyu. Wakimrudisha, hatujapoteza kitu." Mimi nilikwenda mbio. Nilitaka kusoma kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Tulisomea kwenye banda la nyasi karibu na Bugene. Mwalimu alikuwa mtu wa pwani, ndugu wa mwenye duka la nguo na chumvi. Hakujua Kinyambo, na sisi hatukujua Kiswahili. Kwa hiyo moja mpaka kumi tuliimba tu, hatujui tunaimba nini, hadi siku aliponyanyua vidole vyake kimoja kimoja. Hapo nikaelewa. Alipoleta punje za maharage za kujumlisha na kutoa, nilikuwa nasema jibu kabla hajafunga mdomo. Wenzangu walinitania, "Mke wa mwalimu huyo!"

Siku moja akayaweka maharage kando. Alitaka hesabu za nyumbani kwetu.

"We binti, baba yako ana ng'ombe wangapi?"

Nikainama nikapanga punje zangu. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Kila jioni tata alisimama kwenye mlango wa zizi akawaita kwa majina, na asiyekuwepo alijulikana. Kutaja idadi ni kukiita kifo kije kuchagua. Na watoto ni hivyo hivyo.

"Haya, mama yako ana watoto wangapi?"

Nikataja majina, kuanzia kaka mkubwa mpaka yule wa mgongoni.

"Nimeuliza wangapi. Sijauliza akina nani."

Nikayataja tena. Hakuna aliyecheka, maana wenzangu walijua. Mwalimu ndiye hakujua, akaona ni kiburi. Ningemwelezaje? Kiswahili nilichoweza kukisema kilikuwa namba na "ndiyo, mwalimu". Akanichapa bakora mbili za mkononi. "Kesho uje na idadi. Huna idadi, usije."

Nilimweleza tata. Akatoa kiko mdomoni.

"Kwa lugha gani?"

"Kiswahili, tata."

"Basi hesabu. Ng'ombe wangu hawajui Kiswahili."

Mama alikuwa anapukusa maharage. Hakucheka. "Na ndui je, nayo haikijui? Si ilikuja na misafara ya pwani?"

Baadaye mama akaniambia, taratibu, "Kama ni lazima useme, sema wote. Asiachwe hata mmoja."

Kesho yake nikasimama. "Ng'ombe sita, mwalimu."

"Vizuri! Na watoto?"

"Watano."

Mwenzangu mmoja, jirani yetu, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, "Wawili kufa, mwalimu."

Mwalimu alinitazama. "Pole, binti," akasema, na nadhani aliisema kwa moyo. "Lakini waliokufa hawahesabiwi. Watano toa wawili?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Ingekuwa maharage ningekwisha kulisema.

"Watano," nikasema.

"Toa wawili."

"Watano."

Hakunichapa. Alichukua kibao changu cha kuandikia mikononi mwangu akampa aliyekaa karibu yangu. "Nenda nyumbani. Hesabu haitaki ubishi."

Nililia njia nzima. Mama alikuwa mlangoni. "Umesema wangapi?"

"Watano."

Akanipa ndizi ya kuchoma, akaniambia nikae. Tata hakunirudisha shule, wala mimi sikuomba. Sasa wajukuu zangu wanafundishwa hesabu kwa Kiingereza. Wakinisomea, nasikiliza bila kuelewa maneno, kama nilivyoimba wimbo ule wa moja mpaka kumi.

Mwalimu nilimwona mara moja tena, nikiwa bado msichana. Nilikuwa napalilia maharage kando ya njia, yeye anakwenda Nyaishozi. Akasimama.

"We binti, jibu umeshalijua?"

"Nililijua siku ile ile, mwalimu."

"Mbona hukusema?"

Nikatafuta Kiswahili cha kumwambia. Sikukipata. Basi nikaweka jembe chini nikamwambia kwa Kinyambo, habari yote: zizi, majina, kaka zangu, nani alitangulia na nani alimfuata siku ya nne. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho, na sidhani kama alishika hata neno moja.

"Haya, binti," akasema, akashika njia yake. Nami nikaokota jembe, mstari ulikuwa haujaisha.