Kizibao cha Pamba Fifi

Enzi zetu, baridi ya mwezi wa sita haikuwa ya kupigia picha. Ilikuwa baridi ya kazi. Siku hizi nikipita asubuhi kijiwe cha bodaboda hapa Somanda nawaona vijana wamevaa makoti mazito ya Ulaya kinyumenyume, zipu mgongoni, kifua kimefunikwa mpaka kidevuni, halafu magoti yako nje kwa sababu suruali imechanwa makusudi. Saa saba mchana, jua linachoma, kijana yuleyule bado yumo ndani ya koti anatiririka jasho. Nabaki nacheka peke yangu. Angelelewa na mama yangu huyo, angefundishwa kuvaa, na zaidi angefundishwa kuvua. Mama hakuwa na mchezo na mambo hayo.

Tulikuwa tunakaa nje ya Bariadi, upande wa barabara ya Maswa, na likizo ya mwezi wa sita kwetu ilikuwa likizo ya pamba. Walimu walituambia tukapumzike, nasi tuliitikia vizuri tu, huku kila mmoja anajua atapumzikia wapi. Shamba lilikuwa mbali, kwa hiyo tuliondoka nyumbani giza likiwa bado halijakatika. Pamba haichumwi na umande, itaoza kwenye gunia, basi tukifika tulianza kuchimba viazi vitamu vya kukausha michembe kwenye kipande cha pembeni, mpaka umande ukauke ndipo tuingie kwenye pamba. Ukishika jembe saa ile vidole vinauma mpaka machozi yanatoka. Mkisema Bariadi ni joto, ni kwa sababu mnaamka saa mbili.

Kabla ya kutoka, Mama alituweka mstari mmoja jikoni, karibu na mafiga, akatuvalisha yeye mwenyewe. Kwanza fulana iliyochakaa, ile laini kabisa, inayogusa mwili. Juu yake shati la mikono mirefu. Kisha sweta, kama ipo, na kama haipo shati jingine la Baba lililokatwa mikono. Wasichana tulivaa suruali kuukuu ya kaka ndani ya gauni. Halafu mfuko wa nailoni uliotobolewa tundu la kichwa na mawili ya mikono, kwa ajili ya umande, na juu ya vyote kanga iliyofungwa shingoni. Mikononi tulivaa soksi zilizokatwa ncha ili vidole vifanye kazi. Tukitembea tulikuwa tunalia chwaru chwaru kama watu waliobeba mikate, na mbwa wa njiani walitubwekea kwa sababu hawakuelewa tulikuwa kitu gani.

Shambani sheria ilikuwa moja. Jua likipanda unavua nguo moja ukifika mwisho wa mstari, unaitundika kwenye uzio wa mikatani, unarudi. Mstari mwingine, nguo nyingine. Tulimenyeka taratibu kama hindi. Wapita njia walikuwa wanakadiria saa kwa kuangalia nguo zetu kwenye ule uzio. Ukionekana unavua mbili kwa mkupuo, Mama alipaza sauti kutoka upande wa pili wa shamba bila hata kuinua kichwa, "Moja moja. Subiri jua." Maneno hayo nimeyasikia kuliko jina langu. Na ndani ya kapu lake, chini ya viazi vya kuchemsha, kulikuwa na fulana kavu, kwa ajili ya yule ambaye fulana yake ingelowa jasho.

Fulana ile kavu hasa ilikuwa ya mdogo wangu Kabula.

Kabula alikuwa na kifua. Baridi ikimpiga alianza kukohoa kikohozi chembamba, kisha pumzi inakuwa na filimbi, kisha mabega yanapanda na kushuka na macho yanakuwa makubwa. Mama alikuwa ameshazika mtoto mmoja kwa ugonjwa wa namna hiyo kabla mimi sijazaliwa, kwa hiyo filimbi ile ikianza nyumba nzima ilinyamaza. Msimu mmoja Baba akachoka na hofu, akaamua Kabula abaki nyumbani na kuku. Sisi tuliona amependelewa. Yeye alilia siku nzima. Kwetu kila mtoto alipewa mstari wake wa pamba, hata kama ni mfupi, na jioni tulipokuwa tunaota moto uani kila mmoja anaeleza mstari wake ulivyokuwa, Kabula hakuwa na la kusema. Hakutaka kuhurumiwa. Alimfuata Baba nyuma hata akienda kufungua ng'ombe, anarudia hilohilo, kwamba apewe mstari wake. Baba alimjibu kwa upole kwamba mstari wake upo, utamngoja apone.

Ndipo ikaja ruksa, serikali ikafungua milango ya biashara. Wasomaji wa rika langu wanaelewa. Tuliokuwa tumezoea kupanga foleni ya kipande cha sabuni, ghafla tukakuta mnadani nguo zimemwagwa chini kwenye turubai, kilima kizima, mwenye kuinama ainame. Kafa Ulaya, ndivyo tulivyoziita, na bibi zetu waliziogopa kweli kwa jina hilo. Wanaume wazima walirudi kutoka mnadani wamevaa makoti ya kike yenye vifungo vya dhahabu na hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyejua. Mjomba mmoja alivaa gauni la kulalia la Mzungu kwenye harusi. Lilimpendeza.

Baba akauza pamba, akaenda mnadani, akarudi na koti la Kabula. Sijawahi kuona koti kama lile. Lilikuwa zito kama ndama mchanga, ndani lina bitana iliyojaa kitu laini, kofia ina manyoya, na Kabula akilivaa linafika kwenye vifundo vya miguu. Baba alizunguka akimtazama, anacheka, anampandisha zipu na kuishusha. Akasema, "Sasa mstari wako umefika." Majirani walikuja kuligusa. Sote tuliamini jambo moja, kwamba nguo nene kuliko zote ndiyo yenye joto kuliko zote, na mwenye hiyo hahitaji nyingine. Asubuhi yake Kabula akaachwa avae shati jepesi na koti juu, basi. Mama alikuwa ameshika ile fulana kavu ya kapuni, akamtazama Baba alivyofurahi, akairudisha ndani.

Kumbe koti lile lilishonwa kwa ajili ya mtu anayesimama kwenye theluji akingoja gari. Halikushonwa kwa mtoto wa Kisukuma anayeinama na jembe. Kabula alichimba viazi kwa furaha ya kutolewa kifungoni, kabla umande haujakauka shati lilikuwa limelowa chapachapa. Alipozidiwa na joto akafungua zipu akalitupa koti lote chini. Hakukuwa na nguo nyingine kavu ya kubaki nayo. Upepo wa mashariki ukampata na shati bichi mgongoni. Hatukumaliza hata kuwasha moto wa kuchomea viazi, filimbi ikaanza.

Baba alimbeba mpaka hospitali, anakimbia na kutembea, anakimbia na kutembea. Mama nyuma yake alikuwa ameshika miguu ya Kabula tu, kama vile akiiachia ataondoka. Nakumbuka niliokota lile koti nikalibeba kichwani nikiwafuata, likanilemea, na nililichukia. Kabula alilazwa. Alipona, namshukuru Mungu mpaka leo, lakini Baba alirudi nyumbani mtu mwingine. Mama mmoja jirani alikuwa ameshamweleza kwamba mwenye koti, yule marehemu wa Ulaya, ndiye aliyemkaba mtoto akidai nguo yake. Baba akalitupa uani, akatafuta kiberiti. Na Kabula, akasema, haendi tena shambani, si mwaka huu wala mwaka mwingine.

Mama alitoka jikoni akalikanyaga koti mguu mmoja.

"Baba Minza," akasema, akimwita kwa jina langu, "mtoto amekabwa na jasho. Hili koti nipe mimi."

"La maiti hilo."

"Nitalichemsha. Maiti gani huyo atakayeshinda maji ya moto na sabuni?"

Baba alisimama na kiberiti chake. Nadhani alitaka sana mtu amkatalie. Akakirudisha mfukoni, akaenda kwa ng'ombe.

Mama akalichemsha kweli, kwenye pipa la pombe. Kisha akaketi kibarazani akaanza kulifumua. Alitoa bitana, akaikata kizibao kisicho na mikono cha kumtosha Kabula, kitambaa huku na kitambaa huku. Ndani yake hakurudisha yale manyoya ya Kizungu, ambayo maji yalikuwa yameyafanya mabonge. Alitaka pamba.

Hapo lazima niwaeleze wajukuu zenu. Nyumbani tulichambua pamba kwa mikono, safi lundo lake na fifi lundo lake. Fifi ni ile iliyoingia madoa, iliyoliwa na wadudu, iliyodondoka chini. Zamani ukiipeleka fifi kwenye ghala la ushirika ulikuwa unaionea aibu. Lakini msimu ule wanunuzi wapya walikuwa wamekuja na mizani zao, wanachukua yote, watu wakaacha hata kuchambua. Baba alipomkuta Mama amejitengea lundo la fifi, anatoa mbegu moja moja kwa kucha, akamkumbusha kwamba siku hizi hata hiyo inanunuliwa.

"Hii imeshapata mnunuzi," Mama akajibu.

Tulikaa tukimsaidia kutoa mbegu siku nyingi. Alijaza, akashona mistari ya kulala na ya kusimama ili pamba isishuke chini, kwa sindano ya magunia na uzi mweupe. Kikawa chembamba, chepesi, kina miraba kama daftari la hesabu. Kabula aliporudi na nguvu zake, Mama akamwambia Baba aje jikoni asubuhi moja aangalie. Akamvalisha Kabula mbele yake: fulana, shati, kizibao, nailoni, kanga. Kila alipovalisha moja alimwonyesha Baba na kumweleza itavuliwa lini. Ile fulana kavu akaiweka kwenye kapu, na ya pili juu yake. Baba alichutama akamfunga Kabula kanga shingoni upya, kwa sababu aliona fundo limelegea, kisha akachukua kapu akalibeba yeye, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Siku ile Baba hakuchuma pamba ya maana. Kila Kabula alipofika mwisho wa mstari alimkuta Baba amesimama kwenye mikatani anamngoja apokee nguo. Alimtia mkono mgongoni kwanza, ndani ya fulana, kupima kama pamelowa. Kabula akachuma mstari wake mpaka mwisho. Jioni kwenye moto alizungumza peke yake, hakutuachia nafasi hata kidogo, jinsi mstari ulivyokuwa na vitumba vikubwa, jinsi alivyomkuta kinyonga. Baba alikuwa anasikiliza huku anauficha uso kwenye moshi.

Lile ganda la koti lililobaki, halina bitana, Baba alilivaa miaka mingi akilima kwa plau kwenye mvua. Kofia yake ya manyoya ilimfanya ng'ombe mmoja asitake kabisa kumkaribia. Kizibao Kabula alikivaa mpaka kikambana, nikakirithi mimi kwa ajili ya mtoto wangu wa kwanza, na mwisho panya wakakimaliza.

Leo Baba hayupo. Mama ninaye mimi hapa Somanda. Sasa yeye ndiye mwenye kifua, na majina yetu yanampotea, anatuita kwa majina ya dada zake. Makoti yamejaa sokoni, yanavaliwa kama mapambo, na watoto wangu wakiona baridi wanajifunika duveti na kuwasha simu. Sina ugomvi nao. Ila nyumba nzima hakuna anayejua fulana ya mwenzake imelowa au kavu.

Mwezi wa sita uliopita Kabula alikuja kutoka Sola, kwa mumewe, ambako ana shamba la pamba na mistari isiyohesabika ambayo ni yake. Alikuwa amebeba kizibao kipya, cha miraba, amekijaza fifi ya shambani kwake. Alfajiri Mama akadai kutoka nje kuchambua choroko, kama kawaida yake, hakataziki. Kabula akamsimamisha jikoni akaanza. Fulana, shati, kizibao, kanga. Mama aliinua mikono yake bila kuambiwa.

Tukakaa naye nje. Jua lilipotokeza juu ya paa la jirani, Mama akashika kanga na kizibao kwa pamoja akitaka kuvua vyote. Kabula akamzuia mkono.

"Moja moja, Mayu. Subiri jua."

Mama akaacha. Akamtazama Kabula kwa muda, anamtafuta asimpate, kisha akatabasamu kwa adabu kama mtu anayemsifu mgeni.

"Wewe ulilelewa vizuri, ng'wanone, mwanangu," akasema. "Mama yako alikupenda."

Kabula akaitikia kwamba ndiyo, alimpenda. Akamfungua kanga, akaenda kuitundika kwenye uzio, na akakaa huko kwa muda akiinyoosha. Aliporudi alimtia Mama mkono mgongoni, ndani ya fulana. Palikuwa pakavu.