Talaka ya Mkaza Mwanangu Imelala Kwenye Kompyuta Yangu

Marahaba, wanangu, hata kabla hamjaniamkia. Mimi ni bibi wa hapa Tanga, Usagara. Umri ni sabini na kitu, kitu chenyewe hakuna aliyekiandika. Shule sikukanyaga, na macho yangu yote mawili yameshakufa. Haya nayasema kwenye kompyuta, nitayatuma kwa barua pepe, mwenye ukurasa huu atayaandika na jina langu atalificha. Msicheke. Kompyuta naijua.

Aliyenifundisha ni mkaza mwanangu. Nitamwita Mwanaidi, si jina lake. Ni mtu wa Pemba, kaolewa na mwanangu wa pekee. Kiwanda alichokuwa akifanya kazi mwanangu kilipouzwa, watu walirudishwa majumbani, naye akaenda Maskati kutafuta riziki. Simu ilikuwa ghali, ndipo akaleta kompyuta kuukuu inayosema, nimtumie sauti. Yenyewe inasema Kizungu, mimi Kizungu sijui. Mwanaidi akanibandikia vitone vya gundi kwenye vitufe, hapa pa kuanza, hapa pa kusimamisha, hapa pa kutuma, hapa pa kufungua, hapa pa kufuta. Akanishika kidole kimoja kimoja.

"Mama, huko unaizima, rudi nyuma."

"Utazimika wewe kwanza," namjibu. Tunacheka mpaka majirani wanauliza kuna nini.

Msidhani ni mkwe wa kusimuliwa. Ananiogesha, ananichambulia mwiba wa samaki, na alfajiri anakwenda Muheza kuchukua machungwa ya kuuza ili wajukuu zangu wale.

Sasa sikieni balaa langu. Siku moja nilikuwa namrekodia mwanangu habari za nyumbani. Nimemaliza, kidole kinatafuta kitone cha kusimamisha, Mwanaidi akaingia analia. Kuna mtu karudi kutoka Maskati kamwambia mumeo kaoa huko. Mtoto wa watu analia vile, wewe utahangaika na vitufe? Mikono yote miwili niliitoa kwenye mashine nikamkumbatia.

Akasema, "Mama, mie n'choka. Nakwenda kwetu."

Nikamwambia, na narudia mbele yenu, "Mwanangu mjinga. Nimemzaa mimi, namjua. Ukitaka kuachwa, nitakushika mkono mwenyewe twende kwa kadhi. Lakini humu ndani hutoki wewe, atatoka yeye."

Akalia weee, mwisho akacheka. "Basi, Mama. Nitamngoja. Ni mume wangu."

Alipokwenda jikoni nikarudi kwenye kompyuta. Mimi ni mtu wa kaseti. Miaka ile ya foleni, sabuni haipo, sukari haipo, marehemu mume wangu alikuwa shamba la mkonge, tukitumiana kaseti moja ile ile, huku anasema yeye, huku nasema mimi juu ya maneno yake. Kaseti ikifika mwisho kitufe kinaruka chenyewe, ta! Nikajua na hii, kwa muda wote ule, imeshajikata. Nikatuma.

Haikujikata.

Jibu la mwanangu lilikuja Mwanaidi yuko Muheza. Nikalifungua peke yangu, natabasamu, nangoja anisalimu. Hakunisalimu. Alisema, "Mama, umemchagua yeye. Haya. Nimemwacha, talaka moja. Mpigie hii aisikie kwa masikio yake. Watoto waende kwa shangazi yao Pongwe, yule binti wa ami." Habari ya mke wa huko hakuikana wala hakuigusa. Nami nina hakika hakusikiliza mpaka mwisho. Angesikiliza, angemsikia mkewe akisema nitamngoja.

Mwanaidi aliporudi, akauliza, "Mama, baba watoto hajaleta sauti?" Nikasema mtandao mbaya. Mimi! Mtu ambaye mji mzima unanikimbia kwa kusema kweli.

Tangu hapo namtumia mwanangu sauti kila nikipata nafasi. Nimemtukana, nimembembeleza, nimemlilia, nimemwapia kwa maziwa yangu. Talaka ni moja, anaweza kumrejea eda haijaisha, neno moja tu. Hajibu. Na eda inakwenda, wanangu. Inakwenda bila mwenyewe kujua kama anayo. Ikiisha, atakuwa si mke wa mtu, na bado anajihesabu mke. Jioni ananikalia karibu anashona kofia ya viua, ya mumewe kuvaa Idi akirudi. Siioni, ila naisikia sindano ikitoboa na uzi ukivutwa. Kila uzi unanipita moyoni.

Mara anishike mkono aniwekee juu ya ile kofia. "Papasa, Mama, viua vimekaa sawa?" Nasema vimekaa sawa. Niseme nini?

Kuifuta sauti ile najua, kitone chake kipo. Lakini nikiifuta talaka haifutiki, imeshasemwa, na Mungu kaisikia. Nikimpigia aisikie, nimemtoa nyumbani kwa mkono wangu, yeye na wajukuu zangu, nami nibaki na kuta. Nikinyamaza, namdhulumu mtoto wa watu aliyekuja kwetu kwa heshima.

Najua mtaniambia, "Bibi, nenda kwa shekhe." Nakubali, ndiko kwenyewe. Lakini kipofu haendi peke yake. Atakayenivalisha baibui ni Mwanaidi. Atakayenishika mkono njia nzima, akiniambia hapa kuna shimo Mama, hapa kuna ngazi, ni Mwanaidi. Atakayeketi pembeni yangu nikifungua mdomo ni yeye.

Naisikia ndoo yake uani, amerudi. Ataingia sasa hivi na ataniuliza lile lile. Wanangu, nyinyi mnaoona, nimjibu nini?