Naimwagia Maji Ngoma ya Adzovi

Mke wangu Adzovi alikuwa mwanamke wa kwanza hapa Agokope kuishika ngoma kuu. Sasa hayupo. Ngoma yake ninayo mimi, chumbani.

Alizaliwa nyumba ya wapiga ngoma. Baba yake alipiga, na kaka yake Dogbe anapiga mpaka leo. Kazi ya Adzovi ilikuwa kuzitunza ngoma zao: kuzimwagia maji ndani na kuzipindua, mbao zinywe zisiachane, kisha kugonga vigingi mpaka ngozi ikaze. Kutunza aliruhusiwa. Alipovunja ungo akaambiwa mikwiro ya kupigia asiiguse tena, maana damu ya mwanamke na ngoma kuu havikai pamoja. Kwetu ni hivyo.

Nilipomwoa nilidhani nimeoa mkulima wa vitunguu kama mimi. Kumbe! Mchi ukigusa kinu, unaongea. Akipanda vitunguu, kidole kinatoboa tuta kwa mapigo, nami kwenye tuta la pili najikuta nafuata. Jioni akinisugua mgongo, alikuwa ananipiga.

"Adzovi, mimi si ngoma."

"Tulia, Efo. Ngozi yako imelegea, natafuta pa kukazia."

Efo ni kaka mkubwa. Aliniita hivyo siku zote, hata tukigombana.

Tulizaa. Wengine tuliwazika, mmoja yuko Lome. Adzovi hakulalamika, alikuwa anangoja tu. Alipokoma kwenda mwezini akangoja tena mwaka mzima, aone kama ni kweli. Kisha akajifunga kitambaa chake kizuri, akachukua chupa ya gongo, akaenda kwa wazee wa ngoma. Mimi nikafuata nyuma.

Akaweka chupa chini, akapiga goti. "Baba zangu, kile kilichonizuia kimekwisha. Nimekuja kupiga."

Mzee Ahiabo, mkubwa wao, alicheka mpaka akakohoa. "Binti yangu, wenzako wa umri huu wanaomba mkongojo."

"Mimi naomba mikwiro, baba. Mkongojo nitauomba kesho."

Wakacheka wote isipokuwa Dogbe. "Dada, usituaibishe mbele za watu."

"Nakuaibisha kwa lipi? Taja mwiko ninaouvunja."

Dogbe akamtazama Ahiabo. Ahiabo akafungua chupa, akamwagia wahenga, akanywa, akafuta mdomo. "Mwiko ulisema damu," akasema. "Haukusema sketi. Mpeni."

Akapiga. Kengele iliita, ngoma ndogo zikaitika, naye akaingia polepole kama mtu anayerudi nyumbani kwake na hajui kama mlango bado ni ule. Kisha akaufungua. Wanawake waliacha samaki wao juani wakaja. Mzee Ahiabo aliweka kiganja mdomoni, hakukiondoa.

Nikamchongeshea ngoma yake. Ngoma kuu hutambikiwa kwa jina la mwanamume, hivyo ilitambikiwa kwa jina langu, mimi nisiyejua kupiga hata kopo. Alinicheka sana kwa hilo.

Wakaanza kuja akina mama wa vijiji vya ng'ambo ya ziwa, wale waliokwisha koma. Aliwafundisha uani petu. Wasiokoma aliwapindulia vinu, wapige matako ya kinu, mikono ikomae kabla ya siku yao. Leo ukizunguka ziwa lote utawakuta bibi wanaopiga, na ukiuliza wamefundishwa na nani watakutajia yeye. Aliyewapita wote alikuwa Sefako, muuza samaki, mwanamke bado kijana. Adzovi alisema, "Efo, huyu ataniacha mbali. Mimi nilianza mikono imeshachoka."

Ugonjwa wa kifua ulimpata majira ya upepo wa vumbi. Hakula tena ugali, akawa anaonja mchuzi wa bamia kwenye kidole changu. Siku moja akanishika mkono. "Waniite wale wa uani," akasema. Nikaelewa. Mpiga ngoma mkuu akifa, mwanafunzi wake ndiye humwita kwenye ngoma ile ile aliyokuwa akiipiga, kwa jina lake la ngoma, ndipo wa kale wampokee kama mpiga ngoma. Nikamwambia wataita. Akafa.

Mwanamke huzikwa na nyumba ya baba yake. Mgane hukaa ndani na nguo nyeusi, hafiki uwanjani. Kwa hiyo Dogbe alinikuta ndani.

"Shemeji, pole. Nimefuata ngoma."

"Atapiga nani?"

"Mimi."

"Wanafunzi wake wapo. Ametaka wao."

"Wataimba. Wazee wamesema mwanamke kupiga, sawa, tumezoea. Kumwita mkuu aliyekufa, hapana."

"Angekuwapo Ahiabo asingesema hivyo."

"Ahiabo tumemzika, Shemeji." Akakaa chini, akashika kichwa. "Ni dada yangu. Nilimwonea aibu miaka yote ile. Niache nimpigie."

Alikuwa analia. Na mimi nilikuwa nalia. Lakini mimi ndiye niliyeambiwa.

"Ngoma ni kwa jina langu, Dogbe. Itatoka na wanawake, au haitoki."

Akainuka. "Basi ikae," akasema, akaondoka.

Siku ya mazishi nilisikiliza ukutani. Walitumia ngoma ya nyumba ya baba yake. Dogbe anajua kupiga, sikatai, na siku ile alipiga kwa uchungu. Akamwita binti wa baba yake, akamwita mama wa watoto. Jina la ngoma hakulitaja, hakuwa mwanafunzi wake. Nilingoja mpaka kengele ikanyamaza na watu wakaanza kutawanyika. Nilishika mlango, nikauachia. Mgane hatoki.

Sijui kama nilifanya vizuri. Ningeitoa, labda angeitwa nusu. Sasa hajaitwa kabisa.

Wale bibi wa uani walikuja kunipa pole. Wazee wamewakataza, hawana la kufanya. Sefako yeye hajali katazo la mtu, amezuiwa na mwili. Huja siku ya soko, mtoto mgongoni, ananisaidia kuipindua ngoma. Ngozi haigusi.

Juzi aliniambia, "Baba, nikikoma sitamwomba mtu. Nitaingia humu niitoe, nimwite."

"Sawa, mwanangu."

"Lakini bado mbali. Huyu ananyonya."

"Naona."

"Utaningoja?"

Nikamtazama yule mtoto, amelala mdomo wazi. "Ngoma itakungoja," nikasema.

Ameshaondoka. Nimeimwagia maji. Mbao zikinywa hutoa mlio mdogo, kama mtu anayejigeuza kitandani. Mimi hukaa kando yake mpaka zimalize kunywa.