Makasha Mawili Yaliyogusana Ukingoni

Nakumbuka asubuhi niliyofukuzwa kazi Tanga, mwanangu, na kila nikiikumbuka najikuta natabasamu.

Ilikuwa miaka ile biashara imeanza kufunguliwa baada ya dhiki ya foleni za sukari. Bwana Karimu, mwenye karakana ya vipuri vya mashine za mkonge, alinunua kompyuta, akaniajiri mimi, msomi mbichi niliyejiona nimeuleta mwezi mtaani Ngamiani. Kazi yangu nimtengenezee programu ya kuchora vipuri kwa kupanga maumbo ya makasha, kasha juu ya kasha, kabla chuma hakijakatwa. Ijumaa wanunuzi wangekuja kuiona.

Programu sikuianza. Nilikaa nikiandika kwa lugha ya kubainisha, lugha ya alama za hisabati isemayo programu itatimiza nini, kabla ya kusema itatimizaje. Sharti langu la kwanza: katika kipande kizima, kila ukingo ukutanishe nyuso mbili tu. Ndipo nikaona balaa. Makasha mawili yakigusana ukingoni tu, ukingo ule unabeba nyuso nne. Hapo hakuna kipande, kuna majirani tu.

"Profesa," Bwana Karimu alinitania, "wageni waje wasome hirizi zako hizi? Mimi nataka picha!"

"Picha itadanganya, bwana. Kompyuta itaonyesha kipande kimoja, chuma kikikatwa vitoke viwili."

"Nani huyo atagusanisha ukingoni?"

"Yeyote atakayekosea kupima."

"Fanya kama hujaona. Yaunganishe, basi!"

"Siyaunganishi mpaka programu ijue kukataa."

"Kukataa unakujua wewe. Haya, kakatalie kwa mama yako!"

Nikakunja karatasi za hirizi zangu, nikarudi kijijini kwetu Tongoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mapema?"

Nikamweleza. Akanitazama kwa huruma. "Elimu yote ile, umeshindwa na makasha mawili?"

"Sikushindwa, mama. Nimeyashinda."

"Haya. Ushindi huo tutaula na nini?"

Tuliula na mhogo, mwezi mzima.

Mwanangu, wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawakusema kwamba hafukuzwi. Nami bado nasema: kabla hujajenga, sema wazi unajenga nini, na kipi hutakikubali kamwe. Akija mtu kukwambia ufanye kama hujaona, jua ameona naye. Mkatalie kwa adabu, lakini mkatalie.

Mungu akujaalie ulimi wa kusema hapana, na mhogo wa kula ukishaisema.