Athanase Azima Injini Mlimani

Athanase alikuwa na miaka arobaini na miwili na kazi yake ilikuwa kuosha pikipiki za watu kwenye gereji moja ya Clairwood. Kule kwao Butembo alikuwa motard, dereva wa taksi ya pikipiki, mwenye kubeba mama, mbuzi na godoro kwa safari moja. Hilo alitusimulia sisi wapangaji wenzake wa Sydenham kila Jumapili baada ya ibada, na kila Jumapili mbuzi waliongezeka. Hapa Durban alikuwa na mpira wa maji na ndoo. Pikipiki alizoosha zilikuwa ndefu kama kitanda, mali ya madaktari na mawakili wanaolipa pesa nzuri ili wakateseke milimani kwa hiari yao.

Mwenye gereji, Bwana Moonsamy, ndiye aliyeongoza safari hizo. Julai 2012 msindikizaji wake, yule anayebaki nyuma ya kundi kuwaokota walioanguka, alihamia Cape Town. Athanase akaiomba nafasi. Moonsamy akawaza siku tatu, akasema atampa safari moja ya majaribio: kuvuka mlima wa Naude's Nek mwezi Agosti, katikati ya baridi ya huku, theluji ikiwa juu. Akiirudisha pikipiki bila mkwaruzo, kazi ni yake. Mkwaruzo mmoja tu, anarudi kwenye ndoo. Uzuri ni kwamba mlima wote uko ndani ya Afrika Kusini, maana karatasi ya ukimbizi ya Athanase haikumruhusu kukanyaga Lesotho ya jirani hata kwa dakika tano.

Mkewe, Marie-Claire, anayesuka nywele pale sokoni Warwick, hakupinga. Alimkumbusha tu, mbele yetu sote, kwamba kwa miaka sita amemsikia akisema yeye si mwosha pikipiki. Kisha akamwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Papa Prodige, usiniletee hadithi. Niletee kazi."

Mimi nilichukuliwa kuendesha bakkie, pikapu ya mizigo, na kuwachemshia wateja chai, kwa hiyo haya niliyaona mwenyewe.

Kupanda, niseme ukweli ingawa unaniuma, aliwashinda wote. Njia ilikuwa kokoto na tope lililoganda, na karibu na kilele theluji ilifika kwenye vifundo vya miguu. Daktari wa meno alianguka mara nne. Wakili mmoja alianguka pikipiki ikiwa imesimama. Kila mara Athanase alishuka, akamwinua mtu, akampa pole, akapanda tena, mgongo umenyooka kana kwamba godoro bado liko nyuma. Juu kabisa Moonsamy alimtazama vile ambavyo hajawahi kumtazama mtu mwenye ndoo.

Tukaanza kuteremka.

Sasa, motard wa Butembo akiuona mteremko, mkono unakwenda wenyewe kwenye ufunguo. Anaweka gia huru, anazima injini, anaserereka kimya hadi bondeni, petroli imebaki kwenye tenki. Athanase aliiwaza theluji, akaziwaza kona, akamuwaza Marie-Claire. Mkono haukuwaza chochote. Ukazima.

Lakini breki za mashine ile zinasaidiwa na umeme. Ufunguo ukizimwa, zinakuwa ngumu kama ukuta.

Nikiwa nyuma na bakkie nilimwona akimpita daktari, aliyekuwa akitembeza miguu yote miwili chini kama bata. Akampita wakili. Akampita Moonsamy mwenyewe, na kwa kuwa alilelewa vizuri, akamwinamishia kichwa. Kona ikaja. Athanase hakukata. Aliingia moja kwa moja kwenye lundo la theluji lililorundikwa na upepo kando ya zizi la kondoo, ikabaki nje taa ya nyuma tu na kofia yake ngumu.

Tulipomfukua hakuuliza mguu wake uko wapi. Alisema tuiangalie pikipiki.

Moonsamy akavua glavu. Akapapasa tenki, vioo, mpaka chini ya injini, kama mtu anayenunua ng'ombe, nasi tukasimama tunatetemeka. Theluji ilikuwa laini. Hakukuwa na mkwaruzo. Akapapasa tena upya, na eish, nadhani alitamani aupate.

"Kwa nini ulizima?"

Athanase akapangusa theluji ndevuni. "Patron, na kuteremka pia iko ya kulipia petroli?"

Wakili akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Moonsamy hakucheka. Alisema ahadi ni ahadi, kazi ni yake, ila kwenye kila mteremko Athanase atatangulia mbele yake kidogo na injini isikike. Siku asipoisikia, ndiyo siku ya mwisho.

Jumatatu akapewa koti la kazi lenye jina la gereji mgongoni. Alilivaa mbele nyuma, kama motard wa kwao wanavyovaa ili upepo usiwaingie kifuani, na jina likamkaa tumboni. Marie-Claire akamfungia zipu huko nyuma, kisha akamsindikiza kwa miguu hadi robot ya tatu, zile taa za barabarani, polepole, upande wenye watu wengi.