Mwalimu Aliyewaambia Watoto Waongee na Ndama

Mwalimu Editha alipofika hapa Matongo sikumpenda, na sioni sababu ya kuficha. Alitoka Kasulu, mbali huko Kigoma, na sanduku la bati na mfuko wa migebuka mikavu, samaki wa ziwa la kwao. Akapanga chumba kwa Vedasto, nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwa hiyo nilimwona asubuhi na jioni. Alikuwa mwembamba, anatembea haraka, anasalimia kila mtu, hata wale ambao sisi wenyewe hatusalimiani nao. Jioni alikaa mlangoni akiongea na simu kwa lugha ambayo haikuwa Kiswahili wala Kiingereza. Vedasto akasema ni Kifaransa, anaongea na dada yake aliyeolewa Bujumbura. Mimi nikajiuliza, dada gani huyo asiyeishiwa maneno?

Huku kwetu mgeni lazima aangaliwe. Tangu mambo ya dhahabu yaanze tumeona watu wa kila namna. Anakuja mtu na tabasamu, anauliza shamba lako linaishia wapi, na baada ya mwezi unakuta vigingi vya mgodi kwenye mihogo yako. Kwa hiyo shule iliposema darasa la tatu watafundishwa Kifaransa, na mwalimu ni huyohuyo, nilisema kisimani mbele ya wenzangu, "Kifaransa cha kumwongelesha nani? Hata Sirari, mpakani na Kenya, watu wanauziana kwa Kiswahili na Kiingereza." Wakacheka. Mimi sikucheka, maana mjukuu wangu wa kike, Gati, alikuwa darasa hilo.

Gati ninaishi naye tangu mama yake aolewe upya. Ana kigugumizi. Nyumbani alisema kidogo, shuleni hakusema kabisa, kwa sababu akianza neno wenzake walimmalizia huku wakimcheka. Watu waliniambia mtoto wangu mzito wa akili. Si mzito, mimi ndiye ninayemjua.

Kazi yake ilikuwa kuniletea ndama wakati wa kukamua. Ng'ombe wetu hashushi maziwa mpaka ndama aanze kunyonya, na bila ndama utavuta chuchu mpaka vidole viume, upate kikombe kimoja. Jioni moja nikaenda zizini na kibuyu changu, nikasikia sauti. Alikuwa Gati. Mtoto ambaye jina lake mwenyewe lilimtoa jasho alikuwa anasema bila kukwama, tena kwa lugha ya yule mwanamke! Alimnyooshea ng'ombe mmoja kidole, akasema neno. Akamnyooshea wa pili, akasema neno lingine. Akaendelea hivyo mpaka wa mwisho.

Kwetu sisi ng'ombe hahesabiwi kwa kidole, na Gati nilikwisha kumkataza. Mwenye ng'ombe anawajua kwa rangi na kwa pembe, akiingia zizini anaona nani hayupo bila kusema moja, mbili, tatu. Anayewahesabu kwa kidole ni yule anayetaka kuja kuwachukua.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Ka-kazi ya nyumbani, Bibi. Mwalimu amesema tu-tuongee na ndama. Ndama hacheki mtu."

"Na kuwanyooshea ng'ombe wangu kidole, ni yeye aliyekutuma?"

Akaangalia chini, akamvuta ndama kwa mama yake. Kwangu mimi hilo lilikuwa jibu tosha.

Wiki haikuisha, ng'ombe wawili wa jirani yetu Joel wakaibiwa. Joel naye ana mtoto darasa la tatu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Hezekia, nikamweleza yote, simu, dada wa Bujumbura, kidole.

"Nyangi, una uhakika?"

"Nina macho, Mzee."

Tukaitwa ofisini kwake, mimi, Joel, mwalimu mkuu na yeye Editha. Gati nilikwenda naye, akasimama mlangoni. Editha aliingia akaniamkia, "Shikamoo, mama," kana kwamba hajui nani kampeleka pale. Nikaitikia kwa shida. Akasema anawaambia watoto wataje vitu wanavyovijua, wavitaje mbele ya asiyewacheka, ndipo ulimi unazoea. Kifaransa, akasema, wote wanaanza pamoja, hakuna wa kumcheka mwenzake, na ndiyo maana hata mtoto mwoga anathubutu.

"Na idadi ya ng'ombe wangu ni somo gani?" nikamuuliza.

Alimtazama Gati. Nami nikageuka, nikaona midomo ya mtoto inatetemeka, neno limemkaa kooni.

"B-b-bibi, mi-mi-mi..."

"Nyamaza," nikamwambia. "Watu wazima wanaongea."

Akanyamaza. Kifaransa kikasimamishwa siku hiyohiyo, na shule zilipofungwa Editha akahamishiwa Busawe, wilaya ya Serengeti. Alipita kwangu kuaga. Sikutoka ndani.

Mwezi uliofuata ng'ombe wa Joel walionekana. Aliyewaiba ni shemeji yake mwenyewe, aliyekuwa anakula ugali wake kila siku. Watu wakanitazama. Nikasema huenda yule mwalimu alikuwa anashirikiana na huyo shemeji. Nilisema hivyo, na nilijua ninachosema hakina miguu.

Halafu Vedasto akaniletea daftari. Lilikuwa la Gati, limesahaulika chumbani kwa mwalimu. Nimesoma mpaka la saba, kwa hiyo nilikaa kwenye kigoda nikafungua. Ng'ombe wangu wote walikuwa humo, wamechorwa na kupakwa rangi, yule mweusi, yule mwekundu, yule mwenye baka jeupe usoni. Chini ya kila mmoja kulikuwa na rangi yake kwa Kiswahili, na pembeni kwa Kifaransa. Nikatafuta namba. Hapakuwa na namba hata moja. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, Editha alikuwa ameandika: "Gati amekataa kuhesabu ng'ombe wa nyumbani. Anasema bibi yake amemkataza. Nimeomba radhi, sikujua. Atahesabu maharage. Ng'ombe atawataja kwa rangi. Leo amesema mbele ya darasa zima."

Nilisoma mara mbili. Nililia, tena si kidogo.

Siku hizi Gati anamleta ndama kwa kamba, kimya. Hasemi naye. Shuleni amerudi kuwa yule wa kumaliziwa maneno. Jana jioni nikaweka kibuyu chini, nikamnyooshea kidole ng'ombe mweusi, mimi mwenyewe, kwa kidole changu hiki.

"Gati, mama yangu, ng'ombe huyu, mwalimu alikufundisha umwiteje?"

Alinitazama kama mimi nilivyokuwa ninamtazama Editha akiongea na simu mlangoni. Akasema taratibu, bila kukwama hata neno moja:

"Nikikuambia, Bibi, utakwenda kumwambia nani?"